Eda Ndani ya Tela

Wanaume waliporudi kutoka makaburini, udongo ungali kwenye kucha zao, wanangu wawili walianza kugombana nje kuhusu nyumba yangu ni ipi. Waligombana kwa sauti za chini wakidhani sisikii. Kuta za tela letu ni bati na mbao nyembamba. Mtu akijikuna nje, wewe uliye ndani unajua anajikuna mgongo au mguu. Haidar, mkubwa, alisema mama apelekwe Wawi leo hii, kwenye nyumba ya matofali, akakalie eda yake kwa heshima. Samiha, mdogo wake, alisema mama aachwe kwanza alie.

"Atalia huko huko Wawi," akasema Haidar. "Hapa atalilia wapi, ndani ya sanduku?"

Nilikuwa nimefiwa tangu alfajiri, sina nguvu hata ya kuinua kikombe, lakini hilo la sanduku lilinipandisha. Nikagonga bati kwa kiganja, wote wawili wakanyamaza.

"Haidar! Sanduku hilo ndilo lilokulea. Mie s'endi popote."

Ndivyo ilivyoanza. Mimi ni Mwanapili binti Nyange, mjane wa Jecha dereva, na ulimi wangu watu wa Pujini na Wawi wanaujua. Lakini siku ile sikuwa nasema ovyo. Kwa kawaida yetu mke aliyefiwa, ndiye kizuka, hukaa ndani ya nyumba aliyokuwa akiishi na mumewe kwa miezi minne na siku kumi, na hatoki ila kwa dharura. Nyumba niliyokuwa nikiishi na Jecha ni ile. Kwamba ilikuwa na matairi mawili chini yake na chuma cha kuvutia mbele, hilo si kosa langu.

Tela lenyewe lililetwa kisiwani na mhandisi mmoja wa Kizungu aliyekuja kujenga barabara, zamani, Haidar bado yuko mgongoni kwangu. Mzungu yule alilala humo, na Jecha ndiye aliyekuwa akilivuta kwa trekta kila barabara iliposogea mbele. Kazi ilipokwisha, mzungu akapanda meli Mkoani na mkoba mmoja, tela akamwachia Jecha, kama mtu anayehama anavyomwachia jirani paka wake. Jecha akaja nalo Wawi jioni, linameta nyuma ya trekta, watoto wa mtaa mzima wanalifuata wakipiga kelele. Mimi nikatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Hichi n'ni?" nikamuuliza.

"Chumba."

"Chumba tunacho."

"Hichi chenda," akasema, akacheka mpaka akaegemea gurudumu la trekta.

Nilinuna siku nzima, kisha nikaingia kutazama. Kulikuwa na vitanda viwili vinavyogeuka viti asubuhi, meza ya kukunja, jiko la gesi la macho mawili, na kabati lenye komeo ili vikombe visianguke njiani. Kila kitu kidogo na kila kitu kina mahali pake. Mwanamke aliyezoea kutafuta kijiko nyumba nzima akiingia humo mara moja, moyo wake hautoki tena. Sikumwambia Jecha hivyo. Nilimwambia panafaa kwa kuku.

Likapewa majina. Watu walisema sanduku la Jecha. Mimi nilisema mke mwenzangu, na nilikuwa na sababu. Kila mwaka kabla ya msimu wa karafuu Jecha alilipandisha juu ya mawe, akavua matairi, akazitoa beringi na kuziosha kwa mafuta ya taa ndani ya sufuria. Sufuria yenyewe ilikuwa yangu, ya kupikia maharage, na ruhusa hakuomba. Kisha akazijaza grisi mpya kwa kidole, taratibu, ananong'ona nazo. Kichwa changu kilikuwa kikikaa wiki hakijatiwa mafuta na beringi za mke mwenzangu zinang'ara. Nilipomwambia hivyo alinijibu nisogee nimshikie nati zisipotee mchangani.

Na paa! Paa lilivuja kila masika na kila mara mahali papya. Hewa ya kisiwa hiki ina chumvi, na chumvi haina huruma na bati. Jecha alipanda juu na kopo la lami, akaziba hapa, mvua ikaingia pale. Pembeni mwa mlango aliweka kiraka cha debe la mafuta ya kupikia, na mpaka leo ukikaribia utasoma kwamba nyumba yangu haina kolesteroli. Wageni walicheka, naye alicheka nao. Mimi nilikasirika, maana debe nililiweka la kutekea maji.

Msimu wa karafuu ukifika tulikwenda kambini upande wa Mtambile. Wenzetu walijenga vibanda vya makuti, mvua ikinyesha wanalala wamejikunja pembeni. Sisi tunafika, Jecha anatia mawe nyuma ya matairi, anashusha miguu ya chuma, anaweka kikombe cha maji mezani kuona kama chumba kimekaa sawa, basi, tumehamia. Jioni wanawake walikuja na majamvi yao mlangoni petu kuchambua karafuu, kwa sababu sisi tulikuwa na taa ya betri. Tulichambua huku tukisengenya, na wanetu wakalala juu ya magunia. Godoro lilinuka karafuu mpaka Ramadhani. Sasa nikinusa karafuu popote, hata kwenye pilau la watu, nasikia vicheko vya wale wanawake, na wengi wao wameshatangulia.

Karafuu zikisha kukauka, Jecha alikuwa hawezi kurudi nyumbani moja kwa moja kama watu. Aliligeuza gari kaskazini. Tulikuwa na landrova kuukuu wakati huo, watoto nyuma, mimi mbele na chupa ya chai. Tulipita Konde, tukaingia msitu wa Ngezi, matawi yanakwaruza bati, Samiha analia kwamba msitu unataka kuila nyumba yetu, Haidar anamwambia nyumba ikiliwa tutalala kwa nyani. Tukitokea Vumawimbi kwenye mchanga mweupe hakuna mtu, Jecha anafungua mlango wa tela, anauliza, "Bi mkubwa, leo wataka jikoni kwako kuelekee wapi?" Nani mwingine Pemba nzima aliulizwa swali hilo na mumewe? Mimi niliulizwa, na nilijibu kwa kiburi, nikamfanya aligeuze mara mbili.

Mwaka mmoja beringi ilikufa tukiwa Ole. Grisi yote ile, na bado ilikufa. Tairi lilianza kulia, Jecha akasimama kando ya barabara, akashika ringi, akang'ata mdomo kwa jinsi ilivyokuwa ya moto. Hapakuwa na beringi ya ukubwa ule Chake wala Wete, ilibidi iagizwe Unguja. Tukakaa pale pale barabarani. Nilitandika nguo juu ya michongoma, nikapika, nikafagia mbele ya mlango, kwa sababu siwezi kukaa mahali hapajafagiwa. Baada ya siku kadhaa sheha wa pale akaja, amevaa kofia yake vizuri, akatuuliza kwa upole kwa nini tumehamia katika shehia yake bila kujiandikisha.

"Tumehamia mpaka beringi ije," akasema Jecha, akamtilia kahawa.

Sheha alifikiri kidogo, akasema basi hilo ni jambo la muda, hakuna haja. Kesho yake mkewe akaleta muhogo wa nazi. Jirani akaleta samaki. Tulipopata beringi na kuondoka, wanawake wa pale walisimama barabarani wakatupungia, na mimi nililia mpaka Wawi. Jecha aliniuliza, "Walia nini, si wenda na nyumba yako?" Nikamwambia aangalie njia.

Haidar ndiye aliyelipenda kuliko sote. Alikuwa akilala chini ya tela mchana na baba yake, miguu minne imetokeza, husikii ila "nipe spana." Kisha akaenda sekondari, wenzake wakamwita mtoto wa sandukuni, na miguu minne ikabaki miwili. Baadaye akapata kazi ofisini Unguja. Kila akija likizo alisema baba auze vyuma vile, watu wanatucheka. Sikumlaumu. Naam, nilimlaumu kidogo.

Jecha alipostaafu, nyumba ya Wawi ilimshinda. Alisema dari iko mbali mno na vyumba vina mwangwi. Tukalivuta tela mpaka Pujini, kwenye kishamba chetu karibu na bonde la mpunga, tukakaa. Mwanzo tulisema tunalinda mpunga. Mpunga ukavunwa, nasi tungalipo. Wawi tukawa tunalala Idi tu, tukipokea wageni, na usiku wa pili Jecha alikuwa keshaanza kutafuta viatu. Macho yake yalipoingia ukungu tuliiuza landrova, kwa hiyo tela halikwenda tena mahali, lakini kila Ijumaa aliinua upande mmoja kwa jeki, akazungusha tairi kwa mkono lisikalie sehemu moja. Nilimuuliza anamtayarishia nani safari. Alisema nyumba lazima ijue kwamba inaweza kwenda.

Alfajiri ile alirudi msikitini, akaketi kwenye kingazi cha mlango kuvua viatu. "Mwanapili," akasema, "leo upepo mzuri." Akaegemeza kichwa kwenye bawaba. Mimi niko ndani natafuta kibiriti, nikamuuliza kama amekumbuka kununua sukari. Hakujibu, nikamuuliza tena kwa ukali. Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwa mume wangu, sukari, na Mungu ananijua kwamba sikuwa na maana mbaya.

Basi nilipogoma kwenda Wawi, Haidar alingoja hitima imalizike, akamleta Shehe Ngwali, imamu wetu, aje anitie akili. Shehe aliketi nje kwenye kigoda, mimi nyuma ya pazia la dirisha. Haidar alisimama kando, mikono nyuma, kama wakili aliyeshinda kesi kabla haijasikilizwa.

"Bi Mwanapili, pole sana," akasema Shehe. "Allah amrehemu mwenzio."

"Amin, Shehe. Ahsante."

"Kabla ya msiba mkilala wapi?"

"Hapa."

"Na nguo za marehemu zi wapi?"

"Zi hapa kabatini. Nyengine zanuka grisi."

Shehe akamgeukia mwanangu. "Haidar, mamako yumo nyumbani mwake. Mwache akae."

"Lakini Shehe, hili ni tela! Lina matairi!"

"Mwanangu, mie nimeulizwa nyumba. Matairi sikuulizwa."

Haidar aliniaga kwa heshima, akanibusu mkono, kisha akafunga mlango kwa nguvu. Mlango ule haufungwi kwa nguvu. Bawaba ya juu ilitoka, na Samiha aliufunga kwa waya kwa wiki nzima.

Nikakaa eda yangu. Samiha alilala nami kwenye kitanda cha pili, na mumewe akaridhia, Mungu amjaze kheri. Wanawake walikuja kunitazama, wanne wanne, kwa kuwa wa tano akiingia lazima mmoja akalie sinki. Walikuja na huruma usoni, wakatazama kushoto na kulia, na kabla ya chai kwisha walikuwa wanafungua vikabati wakiuliza hiki kinafunguka vipi. Bi Mardhiya wa jirani alikaa, akanyoosha miguu, akasema, "Mwenzangu, weye kumbe ulikuwa waishi raha hivi na hukutwambia." Nikacheka, nikajistukia, nikalia. Siku zangu zilikuwa hivyo. Nilikuwa nikifungua kabati la nguo, nanusa shati lake la kazi, nafunga. Nilikuwa nikiweka vikombe viwili. Chumba chembamba kama kile hakina pahala pa kujificha usimkumbuke mtu, kila kitu alikigusa, kila parafujo aliikaza yeye, na mimi sikutaka kujificha.

Kisha masika yakaingia kwa hasira. Mvua ilinyesha usiku na mchana, bonde likajaa, mpunga ukazama, na maji yakaanza kupanda kuelekea kwetu. Kwanza yalifika kwenye mawe, kisha kwenye matairi, kisha asubuhi moja Samiha alifungua mlango akakuta kingazi hakionekani. Chini ya sakafu niliyasikia yakigonga gonga. Samiha akampigia simu kaka yake Unguja, Haidar akapanda boti, na kesho yake mchana alisimama mbele ya dirisha langu, maji magotini, na pikapu ya mume wa Samiha iko juu kwenye njia.

"Mama," akasema, "sasa n'dharura. Hata Shehe hatokataa. Nipande mgongoni nkubebe, twende Wawi."

Alikuwa na haki, nami nilijua. Kizuka huruhusiwa kutoka nyumba ikimtishia. Lakini nilijua na jambo jingine, na hilo ndilo lililonitia hofu kuliko maji. Nikishatoka kwenye mlango ule, tela litaachwa pale lioze au livutwe kwa mafundi wa vyuma chakavu, na mimi nitamalizia eda katika nyumba ambamo Jecha alikuwa mgeni, najibanza kwenye ukuta ambao mkono wake haukuugusa. Sikuwa na ombi kubwa duniani. Nilitaka eda yangu iishie pale Jecha aliponiacha.

"Hunibebi," nikasema. "Nivuteni nayo."

"Nini?"

"Nyumba. Ivuteni. Mie nimo ndani. Nyumba ikenda nami nenda, na mie sijatoka."

Haidar alinitazama kupitia pazia nisijue kama anataka kulia au kunipigia kelele. Samiha ndiye aliyecheka, kicheko cha kwanza tangu msiba, akaitoa simu akampigia Shehe Ngwali, akaweka sauti kubwa sote tusikie. Shehe alicheka mpaka akakohoa.

"Bi Mwanapili," akasema, "dharura ishakuruhusu kutoka kwa miguu yako. Ikiwa moyo wako u radhi zaidi kwenda na nyumba yako, mie s'jui lilokatazwa hapo. Lakini jishike vyema."

Nilimsikia Haidar akizunguka tela, akipiga teke tairi moja, kisha la pili. Nikangoja aseme tutafute fundi Chake. Badala yake nikasikia viatu vikitupwa juu ya boneti ya pikapu, na maji yakichuruzika anapopiga magoti. Vijana wa Pujini walikuja na kamba na majembe, wakalisukuma kwanza mpaka pakavu, Samiha anawapigia kelele wasiegemee dirisha. Hapo jeki ikaanza kulia, na upande wangu ukainuka. Baadaye kidogo akagonga bati kwa kidole.

"Mama. Nipe sufuria."

"Sufuria ipi?"

"Ile ya baba."

Nikampitishia dirishani, na sikumwambia kwamba ni yangu. Harufu ya mafuta ya taa ikapanda kupitia mbao za sakafu, kisha ya grisi, na nikakaa juu ya kitanda nikalia bila sauti asije akanisikia akaacha. Nilidhani atafanya haraka haraka kama watu wa siku hizi. Hakufanya haraka. Mara akauliza kutoka chini, "Mama, nati hii ya mwisho baba akiikaza mpaka mwisho?"

"Akiikaza, halafu akiirudisha nyuma kidogo."

"Ndivo nnavokumbuka," akasema, na sauti yake haikuwa ya mtu wa ofisini.

Tukaondoka baada ya alasiri, mvua imepumzika. Samiha alikaa mbele na kaka yake, mimi peke yangu nyuma, nimeketi kitandani, mkono mmoja kwenye meza na mwingine kwenye komeo la kabati. Jecha hakuruhusu hata siku moja mtu akae ndani likivutwa. Alisema chuma kinaweza kukatika, na kwa hilo hakuwa na mzaha. Kwa hiyo miaka yote ile ya kusafiri na nyumba yangu sikuwahi kujua inasikikaje ikiwa njiani. Vikombe vinazungumza. Pazia linakwenda na kurudi. Mbao za sakafu zinalalamika kwenye kila shimo, halafu zinatulia, kama mimi tu. Kupitia upenyo niliona minazi ikipita, na skuli, na watu wamesimama na simu zao juu wakinipiga picha, ingawa hawakumwona mtu ila kitambaa. Bibi mmoja aliuliza kwa sauti, "Mzigo gani huo?" na mwenzake akamjibu, "Kizuka wa Jecha. Ahama na nyumba yake." Nilitaka kumrekebisha. Sihami, mama, niko nyumbani.

Tulikuwa karibu na Wawi nilipohisi gari linapunguza mwendo na kukata kona mahali ambapo hapana kona. Tukasimama. Kisha tukaanza kurudi nyuma. Tukaenda mbele, tukarudi tena, tukaenda mbele, tela linajipinda, vikombe vinapiga kelele, nikajua mwanangu amepotea njia ya kwao. Kurudisha tela nyuma ni kazi. Ukizungusha usukani huku, lenyewe linakwenda kule. Jecha mwenyewe alikuwa akitoka jasho. Nikagonga bati.

"Haidar! Wafanyani? Utatutia mtaroni!"

Akaenda mbele tena, akarudi taratibu sana, inchi kwa inchi, Samiha yuko chini anamwelekeza, "Njoo, njoo, bado, njoo." Kisha injini ikazimwa. Pakawa kimya, nikasikia hatua zake kwenye majani mabichi. Akainua dirisha langu kwa nje, akaliegemeza kwa chuma chake.

"Mama," akasema, "funua pazia."

Nikafunua. Tulikuwa makaburini Wawi.

Sikuwa nimeliona kaburi la mume wangu. Kwetu wanawake hatuendi kuzika, na kizuka haendi kuzuru. Tangu jeneza lilipoondoka Pujini, la ilaha illa llah inafifia njiani, nilikuwa nikijaribu kulitazama kichwani na silipati. Nilikuwa silijui ni mahali gani, kama pana kivuli, nani amelala jirani yake. Na sasa lilikuwa chini ya dirisha langu, karibu kiasi kwamba ningechukua fagio ningelifikia. Lilikuwa na mawe mawili, la kichwani na la miguuni. Udongo umelala kwa mvua na nyasi ndogo ndogo zimeanza kuota. Kando yake amelala mama yake, na juu yao wote mti wa mchikichi.

Haidar alikuwa amesimama kando ya tairi, suruali ya ofisi imekunjwa magotini, grisi mpaka kwenye viwiko. Alikuwa amenipa mgongo.

"Kukuteremsha n'singeweza," akasema. "Nkasema nkuletee dirisha."

Nikajifunika vizuri, nikasogea mpaka kifua changu kikagusa ukingo wa dirisha. Nikamsomea Jecha Fatiha nikiwa nimeketi juu ya kitanda chetu, upande wake. Nilipomaliza nikainama nje kidogo, nikamsemesha kwa sauti ya kawaida, ile ya kila siku.

"Assalaam alaykum, Jecha. Nimekuja kukuona. Na nyumbani sijatoka."